Roketi na Kombora: Uhakiki wa Istilahi za Safari za Anga za Juu katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuuliza swali moja: je, neno lipo au halipo? Neno likiwapo, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanahakiki kikundi kidogo cha maneno ambayo yapo, yanaeleweka, na yanatumika kila siku redioni na magazetini, nayo ni roketi, kombora, kurusha, kufyatua na hatua. Inadaiwa hapa kwamba maneno haya, jinsi yanavyotumika sasa, humwonyesha msikilizaji chombo kinavyoonekana kwa mbali, lakini hayamwonyeshi kinavyofanya kazi wala kilivyokusudiwa kufanya. Kwa msemaji wa Dar es Salaam huenda kasoro hiyo ni usumbufu mdogo wa darasani. Kwa msemaji wa Bukavu na wa Kongo ya Mashariki kwa jumla ni jambo zito zaidi, kwa kuwa katika maisha yake silaha ilitangulia kufika kabla ya somo la fizikia.

2.0 Neno moja, vitu viwili

Kifaransa, lugha ya shule za Kongo, kina maneno mawili yaliyotengana. "Fusée" ni chombo kinachopanda angani. "Roquette" ni silaha. Kiswahili kilikopa kwa njia ya Kiingereza, nacho kikapata neno moja, roketi, kwa vyote viwili. Hivyo katika taarifa moja ya habari roketi hupeleka setilaiti, na katika taarifa inayofuata roketi huangukia nyumba za watu. Kombora, kwa upande wake, ni neno la zamani zaidi. Maana yake ya asili ni ya mzinga na mlipuko, kisha likapanuliwa hadi kuhusu silaha zinazojiendesha kwa injini. Waandishi wa habari huyabadilisha maneno haya mawili mara kwa mara kana kwamba ni visawe, ilhali si visawe.

Mji wa Bukavu uliingiwa na vita mwezi Oktoba 1996, mwezi Juni 2004, na tena mwezi Februari 2025. Kwa kizazi kilichokua katika miaka hiyo, roketi ni silaha inayobebwa begani. Mwanafunzi wa namna hiyo akisoma kwamba nchi fulani imetengeneza roketi mpya, hana sababu yoyote katika lugha yake ya kudhani kwamba habari hiyo inahusu elimu ya nyota au utabiri wa hali ya hewa.

Dawa rahisi ingekuwa kukopa neno la Kifaransa moja kwa moja. Lakini sauti ya Kifaransa iliyo katikati ya i na u hugeuka kuwa i katika Kiswahili cha Kongo, kama ilivyotokea kwa biro na miziki. Kwa kanuni hiyo "fusée" ingekuwa fize, neno lililo karibu mno na bunduki ya Kifaransa, "fusil", na karibu zaidi na Fizi, eneo mashuhuri la Kivu Kusini. Mkopo huo ungemtoa msemaji katika utata mmoja na kumtumbukiza katika mwingine.

3.0 Shaba, 1975 hadi 1979

Kwamba tofauti ya roketi na kombora si ubishi wa wanaisimu tu, historia ya Kongo yenyewe inathibitisha. Mwaka 1975 mhandisi Lutz Kayser aliunda katika Ujerumani ya Magharibi kampuni iliyoitwa OTRAG, ambayo ilipatana na serikali ya Zaire na kupewa eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa mkoa wa Shaba. Kiwanja chake kilikuwa kwenye uwanda wa juu karibu na mto Luvua, katika sehemu ambayo leo ni mkoa wa Tanganyika, ndani ya mipaka ya Kiswahili. Roketi ya kwanza ilipaa tarehe 17 Mei 1977, na ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, iliyopaa tarehe 5 Juni 1978 mbele ya Rais Mobutu, ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka.

Ufundi wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ulikuwa mpya na kwa sababu ni kipimo kizuri cha uwezo wa Kiswahili. Roketi ya OTRAG ilikuwa fungu la mabomba ya chuma yanayofanana, kila bomba likiwa na kipenyo cha sentimita 27, matangi yake na injini yake. Tangi moja lilitiwa mafuta ya taa, na jingine mchanganyiko wa asidi ya nitriki. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi ilivisukuma vimiminika hivyo hadi kwenye chumba cha mwako bila pampu yoyote. Vali zilifunguliwa kwa mota za aina ileile inayoendesha vipangusio vya vioo vya magari. Ili kugeuza mwelekeo, mwako ulipunguzwa upande mmoja wa fungu. Majaribio ya Shaba yalitumia mabomba manne tu. Mpango ulikuwa kuyafunga pamoja mamia, ili chombo kikubwa kipatikane kwa bei ya vipande vidogo vinavyotengenezwa kwa wingi.

Maelezo hayo yote yamewezekana kwa maneno ambayo fundi wa gereji ya Kadutu anayajua. Lugha haikukwama kwenye ufundi. Ilipokwama ni kwenye swali la chombo chenyewe ni nini. Kampuni ilisema ni roketi ya kupeleka setilaiti kwa bei nafuu. Umoja wa Kisovieti ulidai kwamba nyuma yake Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikijaribu makombora, na serikali kadhaa za nchi jirani zikaingiwa na hofu hiyohiyo. Hofu haikukosa historia: mwenyekiti wa bodi ya OTRAG, Kurt Debus, alikuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy cha Marekani wakati binadamu walipopelekwa mwezini, na kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa mhandisi wa V-2, kombora la Hitler. Mwaka 1979 Mobutu aliifukuza kampuni, nayo ikahamia Libya.

Itasemwa kwamba kisa hiki kinayatetea magazeti, maana injini iliyo moja yaweza kubeba setilaiti au baruti. Ni kweli, na ndiyo sababu maneno mawili yanahitajika. Roketi ni mtambo. Kombora ni mtambo huo ulipopewa shehena ya kuua na shabaha ya kupiga. Mwenye maneno mawili aweza kuuliza: "Je, roketi hii ni kombora?" Kwa mwenye maneno mawili yenye maana moja, swali hilo ni kama kuuliza kama maji ni maji. Mkazi wa bonde la Luvua mwaka 1977 alikuwa na haki ya kuuliza swali hilo kuliko mabalozi wote, lakini lugha ya redio haikumpa nyenzo ya kuliuliza.

4.0 Kurusha, kufyatua, hatua

Kasoro ya pili imo katika vitenzi. Kurusha ni kitendo cha mkono: jiwe hurushwa, nalo likiisha kuachwa halina nguvu nyingine ila ile liliyopewa. Kufyatua ni kitendo cha mtego na cha bunduki. Vitenzi vyote viwili humweka mtendaji nje ya chombo na kuumaliza mwendo katika nukta ya kuondoka. Roketi haiendi hivyo. Inatupa gesi nyuma kwa kasi kubwa, na gesi hiyo inaisukuma mbele, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton. Nayo huendelea kujisukuma muda wote injini inapowaka, hata mahali pasipo na hewa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba roketi hurushwa atauliza inasukumana na nini huko juu kusiko na kitu. Hakosei, anafuata mantiki ya kitenzi alichopewa.

Maendeleo ya miaka ya karibuni yanaizidisha kasoro hii. Chombo Dawn cha Marekani, kilichoondoka duniani mwaka 2007, kilifika Vesta mwaka 2011 na Ceres mwaka 2015 kwa injini za ioni. Injini hizo hutumia umeme kuzipa kasi chembe za gesi ya zenoni, na msukumo wake hauzidi uzito wa karatasi moja kiganjani. Lakini hudumu kwa miezi na miaka, na kasi hujikusanya kidogo kidogo, haba na haba. Hapo hakuna kilichofyatuka. Mzizi -sukum-, wenye msukumo, kujisukuma na kisukumio, unaeleza injini ya ioni na injini ya mafuta ya taa kwa usawa, nao umekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia.

Kasoro ya tatu ni hatua, iliyotafsiriwa kutoka lugha za Ulaya ili kutaja sehemu za roketi zinazoachana moja baada ya nyingine. Hatua kwa Kiswahili ni mwendo wa mguu, au kipindi cha kazi. Si kitu cha kushikika. Tarehe 21 Desemba 2015 sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 ilirudi na kutua wima. Tarehe 13 Oktoba 2024 sehemu ya chini ya Starship, yenye injini 33 zinazotumia methani na oksijeni, ilidakwa na mikono ya mnara uleule ilikotokea. Habari hiyo ikisemwa kwamba "hatua ya kwanza ilirudi", msikilizaji ataelewa kwamba kazi imeanza upya. Neno la kufaa limo shambani tayari: pingili. Mkulima wa miwa wa Kiliba anajua kwamba muwa ni mmoja na pingili zake ni nyingi, na kwamba kila pingili yaweza kukatwa mahali pake. Roketi ya pingili mbili, pingili ya chini ikarudi: hapana mtu atakayehitaji kufafanuliwa. Kwa neno hilo hata ulinganisho wa kitaalamu unakuwa mwepesi. OTRAG ilitaka kupunguza gharama kwa kutupa mabomba yasiyo ghali. Falcon 9 ilipunguza gharama kwa kutoitupa pingili iliyo ghali.

5.0 Hitimisho

Wapo wanaoshikilia kwamba mambo haya ni ya mbali, na kwamba Kifaransa kinatosha kwa wachache wanaoyahitaji. Hoja ya umbali haisimami. Setilaiti iliyofungua elimu ya nyota kwa miale ya eksi ilipaa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kenya iliona setilaiti yake Taifa-1 ikipaa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9. Na katika Kongo yenyewe mhandisi Jean-Patrice Keka alijaribu roketi zake za Troposphère huko Menkao, nje ya Kinshasa, ile ya tano ikiwa na panya ndani mwaka 2009. Ama hoja ya wachache, Shaba imeijibu: ardhi iliyotolewa haikuwa ya wachache.

Inapendekezwa basi kwamba roketi ibaki jina la mtambo wowote unaojisukuma kwa kutupa gesi. Kombora litumike kwa silaha pekee, hata ile ya begani. Kurusha na kufyatua viachiwe makombora, na roketi ipae na kujisukuma. Tena pingili ishike nafasi ya hatua. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hivyo wasemaji wake wana mlango wa kuyafikisha mapendekezo kama haya mbele ya Kamisheni ya Kiswahili. Lakini hakuna haja ya kungoja kikao. Mwalimu wa fizikia na msomaji wa habari wa redio ya Bukavu wanaweza kuanza leo kuyatenga maneno haya mawili, na msikilizaji wao, siku atakapoambiwa kwamba kitu kimepaa juu ya kichwa chake, atakuwa na njia ya kuuliza ni kitu gani.