Kuipima Menyu Iliyoandikwa kwa Mkono

Anayetafuta mwandishi wa menyu za karamu ya jioni, awe Thika au Ruiru, huonyeshwa kwanza sampuli zenye herufi za mikia mirefu na maua pembeni. Yafunike maua kwa kiganja. Kinachobaki ndicho unachokilipia.

Tazama unene wa mistari. Kalamu ya ncha bapa ikishikwa kwa pembe moja, nyuzi 30 hadi 45 hivi, hutoa mstari mnene inaposhuka na mwembamba inapopanda kimshazari, bila mkono kukandamiza. Pembe ikiyumba, herufi ile ile hubadilika sura kila inaporudi. Edward Johnston, aliyefundisha kaligrafia London, alipima kimo cha herufi kwa upana wa ncha yenyewe; waandishi wa hati za Kiarabu walitumia nukta ya kalamu zamani kabla yake. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, ni ushahidi kwamba ufundi wa kalamu si mgeni Kenya.

Mtihani mgumu uko mwisho wa kadi, kwenye kahawa. Mwambie aandike “Ruiru 11”, aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha Ruiru ili istahimili chulebuni na kutu ya majani. Tarakimu mbili zilizosimama bega kwa bega hazina pa kuficha kosa: moja ikiinama kidogo tu, jicho huiona kabla ya kusoma. Halafu mpe “ũcũrũ”, yaani uji kwa Kikuyu. Viwimbi vitatu vya juu viandikwe kwa kalamu ile ile, kwa kimo kimoja, bila kugusana na mstari wa juu yake. Mwandishi anayeviacha, au anayevichomeka baadaye kwa kalamu ya biki, amekiharibu Kikuyu mbele ya cũcũ, bibi aliyealikwa, na mimi simpi kazi.

Igeuze kadi juu chini. Sasa husomi, unaona nafasi tu: ziwe sawa kati ya herufi na herufi hadi mstari wa mwisho.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino na kingo za herufi huota nywele. Dai kadi ya gramu 200 au zaidi, isiyoteleza kama plastiki, maana juu ya utelezi wino hukawia kukauka na kuchafua vidole vya wageni. Alama hafifu za penseli sizichukii, zinaonyesha kwamba mistari ilipigwa. Wino uliokwaruzwa na ufutio ndio dosari.

Isome kadi usiku, ukiwa umeketi, chini ya taa ya meza yako. Wala usikabidhi orodha kabla mpishi hajathibitisha: likiandikwa nanasi la Thika, liwe limeshanunuliwa.

Kabla ya kumlipa salio, linganisha kadi ya kwanza na ya mwisho. Zikifanana, umepata fundi, mwite tena.