Nyanya Asiyetabasamu
Picha za wazee wa huku Garissa ni zilezile: vumbi, mkongojo, tabasamu. Ndiyo maana nampenda Kawsar, mjane wa Hargeisa katika riwaya ya Nadifa Mohamed, The Orchard of Lost Souls (2013). Mume na binti wamekufa, nyonga imevunjika, vita vya 1988 viko mlangoni, na ulimi wake bado mkali. Hatabasamu ili tumhurumie. Mwisho unawakutanisha wanawake watatu kirahisi mno, hapo sikuamini. Lakini Deqo, mtoto yatima, anapoingia nyumbani kwake, niliamini kabisa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi zinasaidia, ila hazipigi hodi. Wewe je, ayeeyo wa jirani ulimwona lini?