Mayai Matatu kutoka Kisiwa cha Ross

Hapa Kang'ata tukiamka na ukungu tunalalamika tunakufa kwa baridi. Sasa kitabu cha watu waliokwenda kutazama pengwini kwenye barafu kinatuhusu nini? Mdogo wangu aliniuliza hivyo aliponikuta na The Worst Journey in the World cha Apsley Cherry-Garrard, kilichotoka mwaka 1922. Nikamsomea vipande kwa Kiswahili changu cha kuungaunga. Akanikatiza: "Yaani kaka, yote hayo kwa ajili ya mayai?"

Swali zuri. Juni 1911, Edward Wilson, Henry Bowers na Cherry-Garrard walitoka kambini kwao katika Kisiwa cha Ross, gizani, wakikokota mizigo zaidi ya kilomita 100 hadi Rasi ya Crozier wanakotagia pengwini wakubwa. Baridi ilifika karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Dhoruba ikawapeperushia hema, wakaliokota kwa bahati tu. Walichukua mayai matano, mawili yakavunjika.

Uzuri wa mwandishi ni kwamba mateso yake hayatii chumvi. Anasimulia kama watu wanavyosimulia msibani: hili, kisha hili. Nilimkumbuka Salim bin Abakari, ambaye safari yake ya Urusi na Siberia ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba theluji haina Kiswahili.

Ila ana kasoro. Pengwini wadogo anawageuza vizee vya kuchekesha, na wenzake anawageuza mawalii. Ukishamfanya mtu walii humwoni tena. Wilson anayemsifu kurasa nzima simjui. Bowers anayehangaika na kamba namjua.

Lakini Crozier mzaha unakwisha. Baadhi ya pengwini waliokosa mayai walikuwa wameweka vipande vya barafu juu ya miguu yao, wakavifunika kwa matumbo yao, wakaviatamia. Husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawa mwana hawana, uchungu wanao.

Mwaka 1912 Wilson na Bowers walikufa pamoja na Kapteni Scott wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Cherry-Garrard akabaki peke yake kupeleka mayai matatu kwenye makumbusho London mwaka 1913. Kwa maelezo yake, alipokewa kama mtu anayesumbua watu kazini. Hapo ndipo nilipomwelewa: miaka yote ile alikuwa akiatamia barafu, na kitabu ndicho kilichoanguliwa.

Kitabu ni kinene. Ukishindwa chote, soma sura ya safari ya mayai. Mdogo wangu siku hizi haulizi habari za mayai. Anauliza kama wale ndege walijua kwamba ile ni barafu.