Jinsi risasi ilivyotolewa katika damu ya watoto wa Zamfara

Machi 2010, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipata habari za watoto wanaokufa kwa wingi katika vijiji vya Jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria. Watoto walishikwa na degedege, wengine wakapoteza fahamu. Degedege ya namna hiyo huweza kudhaniwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, lakini vipimo vya damu vilionyesha jambo jingine: madini ya risasi. Wachimbaji wadogo walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu kwa mashine za kusagia nafaka, mara nyingi ndani ya ua wa nyumba, na mawe hayo yalikuwa yamejaa risasi. Vumbi lake lilitua palepale watoto walipotambaa na kulia chakula. Waliokufa walizidi 400.

Madaktari waliofika huko walikabiliwa na tatizo la kikemia kabla ya lile la kitabibu. Risasi haiuawi kama kimelea, wala mwili hauwezi kuivunjavunja ikawa kitu kingine. Njia iliyobaki ni kuikamata, kuifunga, kisha kuisindikiza hadi kwenye mkojo.

Kwa nini ikamatike? Ioni ya risasi huingia mwilini kwa hila, ikikalia nafasi za kalsiamu na zinki. Katika kimojawapo cha vimeng'enya vinavyotengeneza sehemu nyekundu ya damu, huing'oa zinki na kukaa mahali pake, kwa sababu inapenda mno kushikana na salfa. Upendo huohuo ndio unaoweza kutumiwa dhidi yake: ipewe salfa nyingine, inayoshika vizuri zaidi, nayo itahama.

Dawa za kukamata metali, ambazo wanakemia huziita kelati, hushika kwa zaidi ya mkono mmoja, kama kaa anavyobana kwa gando. Ioni iliyomo katika maji huwa imezingirwa na molekuli za maji. Kelati moja ikifika, hufukuza molekuli kadhaa za maji kwa mkupuo, na kuongezeka huko kwa chembe zilizo huru kunausukuma mmenyuko upande wa kufunga. Kisha kuna faida ya ujirani. Mkono mmoja ukiachia, mingine bado imeishikilia ioni, hivyo ule ulioachia hushika tena kabla ioni haijaenda mbali. Ndiyo maana mikono miwili iliyounganishwa hushinda miwili iliyo mbalimbali, hata kama kila mmoja una nguvu ileile.

Kanuni hiyo iligeuzwa dawa mjini Oxford, Uingereza, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Kundi la Rudolph Peters lilitafuta kinga dhidi ya lewisaiti, silaha ya kemikali yenye arseniki. Waligundua kwamba arseniki huvishambulia vimeng'enya kwa kubana salfa mbili zilizo jirani. Basi wakatengeneza molekuli ndogo yenye salfa mbili zilizo jirani vilevile, nayo ikaipokonya arseniki kutoka kwenye kimeng'enya. Hawakubahatisha, walisoma namna adui anavyoshika, wakaunda mshiko unaomzidi. Ubaya wa dawa hiyo ni kwamba huchanganywa na mafuta ya karanga na kudungwa ndani kabisa ya msuli, sindano yenye maumivu makali.

DMSA, dawa iliyotumika Zamfara, ni ndugu yake. Ina salfa mbili zilezile, lakini imeongezewa vikundi viwili vya asidi vinavyoifanya iyeyuke katika maji na kumezwa. Kijijini, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kushika kwa nguvu pekee hakutoshi, kwani dawa haina budi kuchagua. EDTA, kemikali iliyobuniwa na Ferdinand Munz nchini Ujerumani mwaka 1935, ina mikono sita, na huishika risasi kwa nguvu inayozidi ile ya kalsiamu zaidi ya mara milioni kumi. Kwa hiyo wagonjwa wa risasi hupewa EDTA ambayo tayari imebeba kalsiamu: inaiacha kalsiamu na kuchukua risasi, na damu haipungukiwi. Kuna aina nyingine isiyobeba kalsiamu, yenye jina linalokaribiana mno na la kwanza. Hiyo hunyonya kalsiamu ya damu, na moyo unaweza kusimama. Kati ya 2003 na 2005, watu watatu walikufa Marekani kwa kupungukiwa kalsiamu wakati wa matibabu ya kelati, wawili kati yao wakiwa watoto. Kosa la namna hii halisamehewi kwa kisingizio cha majina kufanana. Chupa za dawa mbili zenye hatari tofauti hivyo hazipaswi kukaa rafu moja.

Zamfara, watoto waliofikisha maikrogramu 45 za risasi kwa kila desilita ya damu walianzishiwa DMSA kwa vipindi vya siku 19 au 28. Kati ya Juni 2010 na Juni 2011, watoto 1,156 wa umri usiozidi miaka mitano walipewa vipindi 3,180. Kwa wastani, kipindi kimoja kilipunguza risasi ya damu kwa takriban robo. Robo tu, kwa sababu risasi nyingi hujificha mifupani, nayo hurudi polepole katika damu dawa inapokoma. Kati ya watoto hao walikufa tisa, na vifo vitatu tu vilihusishwa na risasi.

Hata hivyo, matokeo hayo yalitegemea majembe kama yalivyotegemea dawa. Udongo wa nyua ulichimbwa na kuzikwa mbali, ukaletwa udongo safi, ndipo kijiji kilipoanza kutibiwa. Mtoto anayetolewa risasi asubuhi na kuilamba tena jioni hatibiwi, na utaratibu huo ulikuwa sahihi hata ulipouma. Uliwauma zaidi watu wa kijiji cha Bagega: fedha za serikali za kusafisha zilichelewa hadi mwanzoni mwa 2013, na watoto wao wakasubiri karibu miaka mitatu tangu sumu ilipojulikana, wakati DMSA ikitumika katika vijiji jirani.