Gauni la Rangi ya Chungwa

Tarehe 14 Juni 2010, Soccer City, Johannesburg. Uholanzi inacheza na Denmark, Kombe la Dunia. Jukwaani wamekaa wasichana wapatao 36 waliovalia nyekundu na nyeupe. Ukiwaona utasema hawa ni wa Denmark. Mpira ukiwa umeanza kunoga wanavua nguo za juu, na chini yake kila mmoja ana gauni fupi la rangi ya chungwa. Wanaimba, wanakata viuno, kamera zinawafuata. Kipindi cha pili walinzi wanawazunguka na kuwatoa nje.

Kifuani pale hapakuwa na maandishi yoyote. Gauni lilikuwa na kijilebo tu cha Bavaria, kampuni ya bia ya Uholanzi, ambacho hata jirani yako wa siti angehitaji kuinama ili akione. Bia rasmi ya mashindano ilikuwa Budweiser. Siku mbili baadaye wanawake wawili wa Kiholanzi walikamatwa kwa madai ya kuongoza mpango huo, na kesi ikaenda mahakamani. Kufikia hapo dunia nzima ilishalijua jina ambalo gauni lenyewe halikulitaja kwa sauti.

Watu wa matangazo huiita mbinu hii masoko ya kuvizia. Mimi nadhani neno la mtaani, kudandia, linafaa zaidi: gari la mtu mwingine, mafuta ya mtu mwingine, wewe unaning'inia mlangoni na nauli hulipi. Ila kudandia vizuri kuna ufundi wake, na Bavaria hawakujifunzia Johannesburg.

Miaka minne kabla, Juni 2006, mashabiki wa Kiholanzi walifika uwanja wa Stuttgart kutazama Uholanzi na Ivory Coast wakiwa na suruali za rangi hiyohiyo, zenye mkia wa simba na jina la bia. Getini wakaambiwa wazivue. Wengine walitazama mechi wakiwa na chupi. Picha zilichekesha, lakini kitaalamu FIFA ilikuwa na pa kushika: jina lilikuwa limeandikwa. Basi kwa 2010 jina kubwa likaondolewa. Kilichobaki ni rangi, na chungwa ni rangi ya taifa la Uholanzi; nani atamkataza Mholanzi kuivaa?

Kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika nyumbani. Kabla ya mashindano gauni lile liliuzwa Uholanzi pamoja na bia, na aliyelitangaza ni Sylvie van der Vaart, mtangazaji wa televisheni na wakati huo mke wa mchezaji Rafael van der Vaart. Kwa hiyo Mholanzi aliyekuwa sebuleni kwake, alipoona chungwa lile jukwaani, hakuhitaji kuelezwa. Wengine wote tulihitaji, na waliotueleza ni walinzi na polisi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wabunifu wale: walitengeneza tangazo lisilosomeka mpaka mpinzani alisome kwa sauti.

Afrika Kusini ilikuwa na silaha ya kisheria. Sheria yake ya Alama za Bidhaa, ya mwaka 1941, ilirekebishwa mwaka 2002 ikaongezewa kifungu cha 15A: tukio likishatangazwa kuwa linalindwa, kutumia alama yako ya biashara ili ufaidike na umaarufu wa tukio hilo bila ruhusa ni kosa la jinai. Kwa kampuni kubwa kifungu hicho kina mantiki. Kwa mtu aliyevaa gauni, kilionekana nyundo ya kuulia mbu, na serikali ya Uholanzi ililalamika hadharani. Baada ya siku chache FIFA na Bavaria walimalizana nje ya mahakama na mashtaka yakafutwa.

Aliyeumia ni mwingine kabisa. Tiketi zilipofuatiliwa, baadhi zilionekana zimetoka kwenye mgao wa Robbie Earle, mchezaji wa zamani wa Jamaika aliyekuwa mchambuzi wa ITV ya Uingereza. Alikana kupata faida yoyote, lakini ITV ilivunja naye mkataba. Na wasichana wenyewe wengi walikuwa wenyeji wa Afrika Kusini, waliochukuliwa kwa ajili ya siku ile. Sehemu hii husahaulika tunaposifia ujanja.

Mwaka huohuo shirika la ndege la Kulula lilidandia kwa njia safi zaidi. Lilijitangaza kuwa msafirishaji asiye rasmi wa "kile mnachokijua", likaweka picha za mpira, vuvuzela, uwanja na bendera. FIFA ikaandika barua: kila kimoja peke yake hakina mwenyewe, lakini ukivipanga pamoja umetaja Kombe la Dunia. Kulula wakaliondoa tangazo, kisha wakatangaza kwamba yeyote anayeitwa Sepp Blatter, jina la rais wa FIFA wa wakati huo, atasafiri bure. Aliyejitokeza ni mbwa mwenye jina hilo.

Nayaandika haya kwa sababu AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda, na CHAN ya Agosti 2025 ilishatuonjesha. Ile ilibeba jina la TotalEnergies. Anayelipia jina hulipia pia ukimya wa wengine, ndiyo maana viwanja hufunikwa mabango: Allianz Arena ya Munich iliitwa jina jingine kabisa kwenye Euro 2024. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni pale uzio unapovuka geti na kumfikia mama lishe. Brazil walipoandaa Kombe la Dunia walikuwa na mjadala huo Salvador, ambako wanawake wauza acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mafuta ya mawese, walikuwa wafungiwe nje ya uwanja wa Fonte Nova. Walipiga kelele hadi wachache wakaruhusiwa. Acarajé asili yake ni Afrika Magharibi; ilikuwa pale kabla ya uwanja wenyewe.

Duka la kawaida la Kariakoo lisiguse nembo ya mashindano, wala kikombe, wala jina lenye mwaka mbele yake, wala lisitoe tiketi kama zawadi ya promosheni. Lakini sisi tuna chombo ambacho watu wa Bavaria wangekitamani. Kanga imekuwa ikitangaza mambo makubwa tangu enzi za bibi zetu, na aliyeivaa hudai hajasema kitu. Jina la kanga ndilo limesema. Chukua rangi za bendera, pindo nyeusi, katikati weka mduara ambao mwenye macho ataujua ni mpira na mwanasheria atauita chungwa. Nilimuuliza mfanyabiashara mmoja wa vitenge jina angeweka lipi. Hakufikiri hata kidogo. "Tunamjua, Hatumtaji," akasema, akaendelea kupima kitambaa cha mteja.