Nchi Zisizo na Mtenda: Sarufi ya Fantasia na Mipaka Yake katika Riwaya za Shaaban Robert

Ikisiri

Makala haya yanachunguza riwaya tatu za kifantasia za Shaaban Robert: Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika (1967). Yanadai kwamba fantasia ya mwandishi huyu imejengwa kwa nyenzo za sarufi ya Kiswahili, hususan kauli ya kutendeka, na kwamba kauli hiyohiyo inabainisha upungufu wa mabadiliko yanayosimuliwa humo. Nchi zake zinaweza kusadikika na kufikirika, lakini haisemwi ni nani anayesadiki wala anayefikiri. Swali la mtenda linajibiwa kwa namna nyingine katika riwaya zake za kihalisia, na linaibuka upya kwa waandishi waliomfuata.

1. Utangulizi

Uhakiki wa nathari ya Shaaban Robert (1909–1962) umefuata njia kuu mbili. Njia ya kwanza huzisoma riwaya zake kama fumbo la kisiasa: Kusadikika ni Tanganyika iliyo chini ya utawala wa Waingereza, Majivuno ni kiburi cha watawala, na Karama ni sauti ya anayedai haki. Njia ya pili humwona mwandishi kama mwalimu wa maadili aliyewapa wahusika majina ya sifa ili msomaji asipotee. Euphrase Kezilahabi, katika tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976 iliyomhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, alionyesha kwamba nathari hiyo inastahili kuhakikiwa kwa vigezo vya utanzu wenyewe, wala haitoshi kuiheshimu tu kwa sababu ya jina la mwandishi.

Njia zote mbili zina ukweli. Hata hivyo, zinafanana katika jambo moja: zinaichukulia fantasia kuwa ganda. Mhakiki analibandua ili aifikie siasa au maadili, kisha analitupa. Msomaji akiuliza kwa nini mwandishi alihitaji nchi iliyo angani ilhali angeweza kutumia ngano ya kawaida ya sungura na fisi, hapati jibu la kutosha. Makala haya yanaanzia kwenye ganda hilo, na hasa kwenye majina ya nchi zenyewe.

2. Kauli ya kutendeka kama nchi

Majina Kusadikika na Kufikirika yameundwa kwa namna moja. Kila moja ni kitenzi-jina chenye mnyambuliko wa kauli ya kutendeka. Katika Kiswahili kauli hii ina maana mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni ya hali: kikombe kimevunjika. Ya pili ni ya uwezekano: njia hii inapitika. Katika maana zote mbili mtenda hana nafasi. Inakubalika kusema kikombe kimevunjwa na mtoto, lakini haikubaliki kusema kimevunjika na mtoto. Kauli ya kutendwa humsogeza mtenda pembeni na kumwachia mlango. Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo.

Hivyo, Kusadikika ni nchi inayoweza kusadikiwa, bila kutajwa msadiki. Kufikirika ni nchi inayoweza kuingia katika fikra, bila kutajwa fikra za nani. Tena, katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi husikika mara nyingi vikiwa katika hali ya ukanushi: habari hiyo haisadikiki, msiba huo haufikiriki. Shaaban Robert ameondoa ukanushi. Anachukua neno ambalo wasemaji hulitumia kufunga mjadala na kuligeuza kuwa mahali pa kuufungulia. Kiambishi ku- kinamsaidia, kwa kuwa ku- ya kitenzi-jina inafanana kwa sauti na ku- ya mahali. Tendo linasikika kama mji.

Muundo huu una jambo jingine la kuzingatiwa. Mashina sadiki na fikiri yana asili ya Kiarabu. Mnyambuliko wa -ik- ni wa Kibantu. Jina la nchi ya kubuni limeundwa kwa utaratibu uleule ulioiunda lugha inayolitaja. Kwa maana hiyo, kabla ya kuwa fumbo la Tanganyika, Kusadikika ni zao la Kiswahili, nchi ambayo isingeweza kuwa na jina hilo katika lugha nyingine.

3. Baraza na jambo lisilosadikika

Je, sarufi ya majina inaonekana pia katika matukio? Riwaya zote tatu zina kiini cha namna moja: jambo gumu kusadiki linafikishwa mbele ya mwenye mamlaka, na uhai au heshima ya mtu inategemea iwapo litasadikiwa.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafundisho ya uanasheria. Anajitetea kwa siku sita, akieleza habari za wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kwenye pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuiponya nchi, na kila mmoja aliadhibiwa. Kosa lao lilikuwa kuleta ripoti ambayo baraza halikutaka kuisadiki. Nchi inayoitwa Kusadikika inashindwa kusadiki, na kinaya hicho ndicho kinachoiendesha riwaya.

Katika Adili na Nduguze, Mfalme Rai wa Ughaibu, apendaye wanyama, anapata habari kwamba Adili, liwali wa Janibu, huwapiga manyani wawili kila usiku. Adili anatakiwa ajieleze. Maelezo yake ni kwamba manyani hao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliogeuzwa na jini Huria kwa uovu wao, na kwamba adhabu hiyo ameamriwa. Wahakiki wamekwisha kuonyesha uhusiano wa kisa hiki na hadithi ya Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hugeuzwa mbwa. Mwandishi amewafanya manyani, wanyama wanaomkaribia binadamu kwa umbo, na amempa mfalme upendo wa wanyama. Kwa mabadiliko hayo mawili kisa cha maajabu kimekuwa kesi: kuna kosa linaloonekana, kuna shahidi, na kuna utetezi usiosadikika kwa urahisi.

Katika Kufikirika, iliyochapishwa miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, mfalme asiye na mtoto anawaendea waganga wa kila aina. Utabiri unatolewa, mtoto anazaliwa, na baadaye ugonjwa wake unadaiwa kuhitaji kafara ya mwerevu na mjinga. Hapa upande umegeuka. Baraza limesadiki upesi mno, na mwenye hoja, Utubusara Ujingahasara, analazimika kuonyesha kwamba si kila kinachosadikiwa kinastahili. Kusadikika inahoji serikali isiyosadiki ukweli. Kufikirika inahoji serikali inayosadiki bila kupima. Zikisomwa pamoja, zinaunda mjadala mmoja kuhusu ushahidi, mjadala unaotarajiwa kwa mtu aliyefanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

4. Majina na msomaji wa bara

Hoja ya kwamba majina ya wahusika humwongoza msomaji inahitaji kupimwa. Majina kama Buruhani, Auni na Ridhaa yako wazi kwa msomaji wa Tanga au Unguja aliyekulia katika msamiati wa pwani. Kusadikika, hata hivyo, imesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari za nchi nzima. Mwanafunzi wa Zombo, wilayani Kilosa, katika eneo la Wasagara na Wavidunda, huenda akayapokea majina hayo kama majina tu, bila kuona burhani ya mjumbe wala msaada alioubeba. Kwake fumbo la majina limefungwa nusu.

Kwa upande mwingine, mnyambuliko wa -ik- si mgeni kwake. Ni mali ya lugha za Kibantu kwa mapana, na msemaji wa lugha ya Kibantu hahitaji kamusi ya Kiarabu ili auhisi uwezekano uliomo katika jina la nchi. Mwandishi mwenyewe anaonekana kuijua pengo hiyo, maana katika Adili na Nduguze ametumia visawe viwili kutoka visima viwili: Hasidi ni neno la Kiarabu, Mwivu ni la Kibantu, na maana ni moja. Asiyemfahamu ndugu wa kwanza atamtambua kwa wa pili. Hata kiishilio -ze katika jina la kitabu kinafanya kazi ya kisa. Adili hatajwi bila nduguze. Wameambatishwa naye katika neno, kama walivyoambatishwa naye kwa kiapo.

Kwa hiyo wanaodai kuwa fantasia hii ni ya kipwani tu wamehesabu mashina na kusahau viambishi.

5. Mtenda aliyekosekana

Nguvu ya kauli ya kutendeka ndiyo pia udhaifu wake. Baada ya siku sita za utetezi, Karama anaachiliwa na wajumbe wanafunguliwa, kwa amri ya mfalme. Ndugu wa Adili wanarudishiwa ubinadamu wao baada ya maombezi ya Mfalme Rai. Mambo yanasameheka, yanarekebishika, yanapatanishika. Raia wa Kusadikika hawaonekani wakiamua lolote. Wanasikiliza, na hatima yao inabadilika juu ya vichwa vyao. Uwezekano upo, mtendaji wake hayupo.

Wanaoisoma Kusadikika kama fumbo la ukombozi wanapaswa kukabili jambo hili. Mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya riwaya kutoka, Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko ya Wameru walioondolewa katika ardhi yao. Alikuwa mjumbe aliyetumwa na watu wake mwenyewe. Wajumbe wa Kusadikika walitumwa na baraza lilelile lililowaadhibu. Tofauti hiyo si ndogo. Riwaya iliona wazi kwamba ukweli unahitaji mjumbe, lakini haikuuliza nani ana haki ya kumtuma.

Mwandishi hakubaki hapo. Majina ya riwaya zake za kihalisia, zilizochapishwa mwaka 1968, yana sarufi nyingine: Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Mkulima na watenzi ni nomino za mtenda. Utubora anaacha kazi ya mshahara na kushika jembe. Ayubu, katika Dar es Salaam, anajishughulisha na hali ya maskini. Tarehe za uchapishaji haziwezi kuthibitisha mfuatano wa uandishi, kwa kuwa vitabu vingi vilitoka baada ya mwandishi kufariki, Kufikirika kikiwamo. Lakini mgawanyo wenyewe unaonekana: fantasia imepewa -ik-, uhalisia umepewa mtenda. Gharama yake ni kwamba watenzi wamepatikana mahali ambapo maajabu yamekoma.

6. Hitimisho

Kazi iliyobaki ilikuwa kumrudisha mtenda ndani ya fantasia. Kezilahabi aliijaribu katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambapo nafsi ya kwanza inapita katika ulimwengu usio na ramani. Katama Mkangi aliijaribu kwa jina la riwaya yake Walenisi (1995), ambalo likitenganishwa ni sentensi kamili: wale ni sisi. Nchi ya mbali imepata kiima, na kiima hicho ni wasomaji.

Kulinganisha majina hayo na Kusadikika hakumpunguzii Shaaban Robert sifa. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kujenga nchi nzima kwa mnyambuliko mmoja. Waliomfuata walirithi nchi hiyo ikiwa na baraza, ushahidi na wajumbe, pamoja na nafasi iliyo wazi ya anayesadiki.