Mimbari na Mlango: Tahakiki ya Kitabu cha Philip Hallie

Mwaka 1979 mwanafalsafa wa Marekani, Philip Hallie, alitoa kitabu kiitwacho Lest Innocent Blood Be Shed, kuhusu Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani nchini Ufaransa, ambacho watu wake waliwaficha Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina la kitabu limetoka katika Kumbukumbu la Torati 19:10, andiko lihusulo miji ya makimbilio. Hallie, mwenyewe Myahudi na askari wa mizinga katika vita hivyo, aliandika kama mtu atafutaye wema baada ya kuchunguza ukatili kwa miaka mingi.

Kiini cha kitabu ni mchungaji André Trocmé. Twamwona tarehe 23 Juni 1940, siku moja baada ya Ufaransa kutia sahihi mkataba wa kusimamisha vita na Ujerumani, yeye na mwenzake Édouard Theis wakiwataka waumini wapinge uovu kwa silaha za Roho. Twamwona tena mwaka 1943 kizuizini, akikataa kutia sahihi ahadi ya kuitii serikali, ijapokuwa sahihi hiyo ingemweka huru. Kurasa hizi zina nguvu, na kwa ajili yake kitabu chafaa kusomwa vyuoni.

Hata hivyo twaona upungufu. Hallie anamtaja Magda, mke wa mchungaji, na vikundi vya vijana vya kujifunza Biblia. Lakini masimulizi humrudisha msomaji daima kwa Trocmé, kana kwamba mmoja aliwasha moto na wengine wakaota tu. Kumbe wakulima wa vijiji jirani, wengine wasio wa usharika wake, walifungua milango yao vilevile. Wengi walikuwa wazao wa Wahugenoti, Waprotestanti walioteswa na wafalme wa Ufaransa, nao walijua kwa masimulizi ya mababu maana ya kuwindwa kwa ajili ya imani. Mwaka 1971 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimhesabu Trocmé miongoni mwa Waadilifu wa Mataifa. Mwaka 1990 ikakiheshimu kijiji chote pamoja na majirani zake.

Jambo hili latugusa sisi Walutheri. Mwaka 1543 Luther aliandika maneno makali juu ya Wayahudi, na Wanazi wakayatumia. Wahubiri walikuwa wengi katika Ujerumani ya Hitler, lakini sehemu kubwa ya makanisa ilinyamaza Wayahudi walipochukuliwa. Tukimsoma Hallie ili kumtafuta shujaa wa mimbarani, tutajipa faraja ya bure. Afadhali tujiulize: mahubiri yetu ya Jumapili hii yanamwandaa nani kufungua mlango usiku?